Kirby kaniharibia Juniper

Tess, Kirby Stroud kaniharibia Juniper, yule farasi ninayemfundisha.

Wiki mbili nilizokuwa kwa mama, amempanda kila siku peke yake. Leo nimerudi kumfundisha Kirby. Jambo lenyewe ni moja tu: ukishamtenga ng'ombe na kundi, shusha mkono wenye hatamu, mwache farasi mwenyewe amzuie asirudi. Mara saba nimemwambia, "Kirby, shusha mkono." Mara saba akavuta hatamu, mpaka Juniper akatoka damu mdomoni.

Nikamwambia ashuke. Akacheka.

"Binti, farasi ni wangu. Wewe na digrii yako kafagieni zizi."

Kafagieni zizi. Mbele ya wanafunzi wangu. Na bosi Harlan, aliyeniahidi kwamba nitampanda Juniper kwenye mashindano ya kutenga ng'ombe ya Fort Worth, anatazama buti zake.

"Haya, panda wewe," Kirby akasema. "Tuone miujiza."

Nikapanda. Nikamtenga mtamba mmoja, nikashusha mkono. Tess, miezi kumi na minne nimemfundisha farasi huyu kuamua mwenyewe. Mtamba akampita mbele ya pua, akarudi kundini. Juniper alisimama tu, shingo imekakamaa, akisubiri kuvutwa.

Kirby akapiga makofi.