Seng'enge kwenye Njia ya Mahujaji

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani kwako, na uso sijui niuweke wapi.

Tangu tukuzike, Kaka Stefano ndiye anayeshika shamba. Amelizungushia seng'enge kutoka mtoni hadi barabarani, kwa kuwa mahujaji wanaokwenda kanisa la kale huchuma machungwa wakipita. Nilipokuja kutoka kwangu Mabawa, kule Tanga mjini, niliikuta imeshasimama. Nikamwambia, "Kaka, hii ni njia ya watu tangu enzi za misheni." Akanijibu, "Ilikuwa njia ya Mama. Mama hayupo."

Wewe ungesema, "Anayekwenda kusali hazungushwi." Mimi nilikwenda kuinjika chai.

Jumamosi wakaja, Mama. Wa Tanga, wa Korogwe, wengine kwa miguu tangu Muheza mjini, wanaimba. Walipofika kwenye waya wimbo ukakatika. Mbele alikuwa Mama Veronika, shoga yako, na mkongojo wake. Nikamwamkia nikiwa ndani ya ua. "Marahaba, mwanangu," akaitikia. Kisha, kwa upole wake ule ule: "Tupite wapi?"

Nikamwonyesha barabara. Kwa kidole, Mama. Hakuna aliyenitukana. Waligeuka tu, wakazunguka kilima na jua lile. Laiti wangenitukana.

Baadaye nikamwona Mama Veronika amebaki nyuma, ameketi chini kando ya barabara, anahema. Hapo ndipo nilipochukua koleo la Kaka nikakata waya, mikono ikachanika. Nikamshika, tukapita polepole kwenye michungwa yako mpaka kanisani.

Ibada ilipokwisha, padri akasimama akaishukuru familia yako kwa kuwapa mahujaji njia miaka yote hii. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Veronika alikuwa ubavuni pangu, anajua kila kitu. Naye akapiga makofi.

Kaka hasemi nami. Lakini jana alikwenda pale nilipokata, akasimama kitambo, akaondoka bila kupafunga.

Kwaheri, Mama yangu. Kaburini kwako sijafika tangu nije. Nitakuja nikiweza kukutazama. Ila hili nakuahidi: mwakani wakija, nitakuwa nimesimama penye ule mwanya na mtungi wa maji, na kabla hawajauliza nitawaambia mwenyewe, "Piteni."

Mwanao,
Agnesi