Sahani ya Basoko

Kisangani, siku ya Jumapili

Yaya wangu mukubwa Zuberi,

Nakusalimia huko Ulaya. Mama iko muzima, ni magoti tu yanamusumbua. Uliuliza habari za malewa za papa wetu, zile hoteli zake ndogo za chakula. Ya hapa sasa ni duka la simu, ya Bengamisa imekuwa kanisa. Lakini watu wangali wananidai liboke, ile samaki yake ya kuchoma ndani ya majani, kama vile mimi ndiye niliyeificha!

Bon. Juzi nilienda matanga kwa jirani yetu Émilie. Wakanipa pondu ya majani ya muhogo katika sahani yenye ukingo wa kijani. Unakumbuka sahani za papa, kila malewa na rangi yake: bluu ilikuwa ya Kisangani, nyekundu ya Bengamisa, kijani ya Basoko. Na zile za Basoko zilizama pamoja na papa, alipoenda kuzichukua kwa boti baada ya kufunga malewa ya huko, ya mwisho. Mwili hatukuupata.

"Sahani hii ulitoa wapi?" nikamuuliza Émilie.

"Basoko, sokoni. Kuna muzee anaziuza. Kwanza anagonga kila moja kwa ukucha, anaisikiliza kama mwalimu wa kwaya, ndipo anakupa."

Yaya, nani mwingine alikuwa anagonga sahani hivyo?

Mama sijamuambia. Kila magharibi bado anatenga chakula cha papa na kukifunika, asubuhi anawapa kuku. Wewe ndiye mukubwa, donc sema: nipande boti nikamutafute, ama tumuache amekufa?

Mudogo wako,
Hadidja