Miwani Yako Bado Ninayo

Mtani wangu Elia,

Hebu amka kidogo hapo ulipolala, nikuseme. Wengine wananikanya eti marehemu hasemwi vibaya. Hao si watani. Mimi mila imeniruhusu.

Msibani kwako nilifanya kazi yangu barabara. Nilijilaza kwenye mkeka nikadai maiti ni mimi, niletewe chai. Nikanyakua miwani yako juu ya kabati, nikaivaa, nikatangaza hairudi mpaka ikombolewe kwa jogoo. Watu wakacheka. Mara mama mmoja akasema, "Na mikataba yetu ya Kizungu atatusomea nani sasa?" Wote wakaanza kulia upya. Utani wangu ukafia pale pale. Nilikuonea wivu, Elia. Nikamwonea wivu maiti!

Kijiji chetu cha Mkonze kimebadilika. Viwanja vinapimwa kila upande, na kila ajaye na gari jeupe anakuja na makaratasi ya Kiingereza. Yakishatolewa tu, lazima mtu agune, "Ah, angekuwepo mzee Elia." Hata mke wangu! Tena anakula ugali wa uwele niliolima mimi.

Juzijuzi gari likasimama kwangu. Wanataka kujenga mnara wa simu nyuma ya shamba langu la zabibu, wakaniachia mkataba wa Kiingereza. Tabitha, binti yako uliyemrithisha kazi ya kutafsiri, yuko hapo jirani tu. Nikasema siendi. Nimeshindwa na baba, nishindwe na mtoto? Nikavaa miwani yako, nikakaa barazani mguu juu ya mguu kama wewe, nikausoma mkataba. Elia, kumbe miwani yako haijui Kiingereza! Niliona wino umevimba tu. Nikamwambia mke wangu, "Uko safi, kesho nasaini." Akanitazama, akaenda kugonganisha sufuria jikoni. Unamjua akigonganisha sufuria.

Nikaenda kwa Tabitha.

"Shikamoo, baba. Leo umekuja kutania au kusomewa?"

Ana mdomo wako. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akakwama mahali. "Hapa wameandika *through*. Magari yao yatakatiza katikati ya mizabibu yako, baba. Inatakiwa *along*, yapite pembeni, kwenye mpaka."

Basi nikakusikia: "Mtani, neno kubwa linabweka, dogo ndilo linalong'ata." Nami nilikuwa nakuita mchuuzi wa vineno.

Nikasimama juani nikabishana na wale wa gari mpaka wakabadilisha. Mizabibu yangu imesalimika. Na majirani wanasemaje? "Elia kamwokoa mtani wake." Elia! Aliyelala kivulini huko, wakati jua limenichoma mimi!

Tabitha akaniletea jogoo, nirudishe miwani. Jogoo mwekundu, mnene, wa kutamanisha. Nikakataa. Mimi huyu, Elia, nikakataa jogoo. Nikamwambia, mwanangu, hili si deni lako.

Jioni naivaa, nakaa barazani. Sioni kitu. Upande wako wa benchi nao nauona umefifia, kama vile kuna mtu.

Haya, lala, mchuuzi wa vineno. Nakuahidi: miwani haitoki mkononi mwangu mpaka uje kuikomboa mwenyewe. Ukishindwa kuja, ningoje. Nitakuja nayo usoni. Na jogoo wa kukombolea nimkute huko.

Mtani wako,
Yoramu