Kadi ya Salamu ya Baba

Cate, uko? Redio imesoma kadi ya baba.

Ile ya salamu, alituma kabla alazwe. Tumemzika wiki tatu sasa. Mtangazaji hajui, anasoma tu: "Elkanah wa Ndhiwa anamsalimia mkewe Zilpah na kumwombea ule wimbo wao wa benga. Ujumbe: usifunge mlango, niko njiani."

Niko njiani, Cate. Amesema niko njiani.

Mama alikuwa anachambua omena za kupika, mlango umefungwa juu ya mvua. Hakulia. Mkono ulisimama tu. Wimbo ukapigwa wote, ule walichezea Migori wakiwa wachumba, na yeye anaangalia omena ni kama hazioni.

Ulipoisha akanawa mikono, akaenda akafungua mlango.

Sasa mvua inaingia hadi kwa viti, na hakuna mwenye anaweza kuufunga.