Kosa Alilokiri Ndugu Yangu

Jumanne, Langoni. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna, na nina hasira nisiyojua niielekeze kwa nani.

Shajara yangu, siku hizi chache nimeona jinsi mtu anavyoweza kukiri kosa asilolitenda kwa sababu tu hakuelewa anaulizwa nini.

Ndugu yangu Athman, anayenifuata kwa kuzaliwa, ni mwashi. Kuta nyingi za mtaa huu amezipiga chokaa yeye. Pia anavuta unga wa kulevya. Nyumbani kwetu neno hilo halitajwi. Mama husema Athman ana "homa zake", na sisi sote tumezoea kuuguza homa isiyokuwepo.

Wiki iliyopita alipata kazi ya kupiga lipu nyumba moja Kipungani. Kule unga hapati, na akiukosa hushikwa na arosto: anatapika, anatetemeka, viungo vinamuuma hata hawezi kushika mwiko. Basi akanunua kete, yaani vifurushi vidogo vya unga, za kumtosha mpaka kazi iishe, akazitia mfukoni. Polisi wakampekua kabla hajatoka mjini.

Mahakamani aliposomewa shtaka alijibu, "Ni kweli." Jamaa aliyekuwa naye seli alikuwa amemshauri akiri upesi, atozwe faini, atoke. Alidhani anakiri kupatikana na unga.

Shtaka lilikuwa ulanguzi.

Hakimu aliahirisha hadi leo ili maelezo ya kesi yasomwe. Jana ndipo nilipofahamu maana ya hayo, kwa wakili wa kujitolea anayeitwa Bi Nuru. Alinieleza polepole, bila kunifanya nijione mjinga. Kupatikana na dawa za kulevya ni kosa moja, kulangua ni kosa jingine, na adhabu zake hazikaribiani. Tena kulangua si kuuza tu. Hata kuweka au kusafirisha kwa nia ya kuuza kumo. Kete kadhaa, kila moja na karatasi yake, kwa polisi hilo ni duka. Lakini kukiri kwa Athman kulikuwa hakujakamilika. Lazima asikie maelezo na ayakubali, na kama si kweli ana haki ya kuyakataa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata pumzi. Nikamkuta Mama ameshaamua lake: Athman aseme polisi ndio waliomtilia kete mfukoni. Nilipomwambia huo ni uongo, aliniuliza kama nataka ndugu yangu afungwe ili mimi nionekane mkweli.

Kulipokucha tulikwenda mahakamani hivyo hivyo.

Leo askari alituruhusu kuzungumza naye kidogo ukumbini kabla hakimu hajaingia. Athman amekonda. Jasho lilimtoka, na mikono ameikunja tumboni. Mama akamshika mkono wa shati.

"Sema si zako," akamwambia. "Ndia ni hiyo tu, mwanangu."

Athman alimgeukia.

"Mama, ni zangu. Navuta unga. Wewe wajua."

Mama akaliachia shati.

Yaliposomwa maelezo, yalisema alikutwa na kete alizoziweka kwa ajili ya kuuza. Hakimu akamuuliza kama ndivyo. Niliogopa kwamba atakubali kwa uchovu tu, ili akakae chini.

"Kete ni zangu, za kuvuta mwenyewe," akasema. "Sijauza, wala sikuzinunua niziuze."

Hakimu akaandika kwamba amekana shtaka. Sasa kesi itasikilizwa. Bi Nuru aliomba dhamana, upande wa mashtaka ukapinga, na uamuzi haukutoka leo. Athman amerudishwa rumande. Bi Nuru ataomba shtaka libadilishwe liwe la kupatikana na dawa, lakini hakuniahidi kitu.

Kwa hiyo amesema kweli, na bado yuko ndani.

Nimekasirika na yule mshauri wa seli. Nimekasirika na sheria inayosomwa mbio mbele ya mtu mgonjwa, kisha jibu lake likashikwa kama lilivyo. Na nimekasirika nasi wa nyumbani pia. Kama neno tungelitaja, huenda Athman angeenda Kipungani na dawa ya hospitali ya kutuliza arosto mfukoni badala ya kete.

Tuliporudi nyumbani Mama alivua buibui lake, akaketi, akalikunja mapajani.

"Hiyo arosto," akaniuliza, neno likimtoka kwa tabu, "humuuma wapi?"

Nikamwonyesha: mgongo, magoti, tumbo. Nikamweleza na kutapika, na usingizi unaokataa kuja. Mara hii hakunikatiza.

Kesho tutakwenda wote wawili kumwona. Mama amesema niwe kimya tukifika, kwa kuwa atakayemuuliza askari habari za daktari ni yeye, na atamwambia ugonjwa kwa jina lake.