Warusi Wanne wa Kikundi Changu

Godelive, soma hii halafu uichome.

Unajua ile dansi ya animation, ya kusifu chama na Rais, niliyowafundisha wasichana kwa kufuata diski ya Warusi? Mbili, tatu, mbili, tano, na kishindo cha mguu kinaanguka pale usipokitazamia. Leo tuliionyesha mbele ya commissaire, mukubwa wa serikali hapa. Ilikuwa tamu, nakuapia.

Halafu wasichana wakaanza kuita jina la Guide, Rais wetu. Kishindo kikaangukia juu ya jina. Kila mara, Godelive. Juu ya jina lenyewe. Uwanja mzima ulisikia miguu tu.

Commissaire akaniita. "Citoyen Katsuva, nani alikufundisha kukanyaga jina la Guide?"

Mimi na mdomo wangu: "Ni muziki tu, Citoyen Commissaire. Hata Warusi wanakanyaga hivyo."

Nilisema Warusi, wale wakomunisti Guide anaowaita maadui. Mbele yake. Nilisema Warusi.

Akaninyang'anya diski, akasoma majina nyuma ya jalada: mutunzi wa muziki, mwenye kupanga dansi, muchoraji wa nguo, na yule aliyewakusanya. "Kumbe muko kikundi. Hawa wanakaa wapi?"

"Walishakufa, Citoyen."

"Wote wanne?"

Ningecheka kama asingekuwa anaandika.

Ameniamuru kesho saa mbili asubuhi nipeleke orodha ya washirika wangu. Wanne nimeshawaandika. Mustari wa tano ameuanzisha yeye mwenyewe: "Aliyemupa Katsuva diski."

Nitasema niliinunua sokoni Ariwara, kwa mutu nisiyemujua. Wakikuuliza, weye hukunipa kitu. Na ile gramafoni yako, itoe nyumbani leo.