Bwana yangu anaficha kitabu cha mutoto

Mpendwa Mama Julienne wa gazeti, naomba unisaidie mbio, juu mwisho wa mwezi huu bazungu ba Commission banakuya kuangalia nyumba yetu, na mimi sijue tena ni muntu gani ninalala naye.

Bwana yangu Adalbert, karani kwa gare ya treni, miaka makumi tatu na nane, aliomba ile carte serikali inapatia bantu beusi bale inaona baliendelea, na Commission itaangalia sahani, vitanda, choo, hata vitabu tunasoma, sasa toka mwezi moja, kila siku ya Mungu kisha misa, anajifungia mu chumba na kitabu kilifunikwa na karatasi ya règlement, ile sheria ya kazi, anasema anajifunza, na mimi mujinga nafukuza batoto ku lupango, inje ya nyumba, nyamazeni, papa iko anatumika kazi na kichwa, nampelekea hata chai, lakini Mama, muntu anacheka juu ya règlement ya treni? Nilimusikia anacheka. Siku ingine nilimusikia analia.

Nilifikiri ni barua za mwanamuke. Kisha nikafikiri ni ile dini serikali inakataza, ile inafanya bantu bapelekwe mbali. Na wakati ule ule kitabu cha mutoto wetu Simone kilipotea, kile ba masœur ba masomo balimupa prix, zawadi, juu alikuwa wa kwanza mu kelasi, Simone akalia siku mbili, na mimi nikaenda pa robinet ya maji, mbele ya bamama bote, nikamwambia jirani yangu Mama Feza kama batoto bake ni bezi, baliiba kitabu, yeye akachukua ndoo yake haiyajaa, akaenda, mpaka leo hanisalimie.

Bon. Nikafungua valizi ya Adalbert, ile sanduku yake chini ya kitanda. Ndani ya karatasi ya règlement, kitabu cha Simone! Na picha: farasi yenye mabawa, mutoto mwanamuke anazungumza na mamba. Nikakirudisha mbio mu valizi, Mama. Muntu muzima anatafuta nini kwa bantu banaruka mu hewa? Kwetu Kongolo, muntu anayeruka tunamujua jina lake. Mimi sijue Kifransa, basi Adalbert akienda kazi, Simone ananigeuzia mu Kiswahili, haki ya Mungu ni kwa kutafuta uchawi tu, tumefika sura ya saba, mutoto amesimama pa mulango wa chuma, mulinzi anamwambia huku hakupitwe, yeye ana funguo lakini anaogopa, na juzi Adalbert akakipeleka kitabu ku gare! Tangu juzi silale muzuri. Akikirudisha, nikichome? Nikipeleke kwa mupadri? Commission bakikifungua itakuwa nini?

Muke mwenye mashaka, Katuba

*

Mama,

Majina yenu nimeyageuza hapa gazetini, usiogope. Nimesoma barua yako mara mbili, na kusema kweli ninakushuku wewe kuliko bwana yako. Uchawi gani huo unatafutwa mpaka sura ya saba? Kama ungekuwamo ungeuona kwa ukurasa wa kwanza, ungekimbia. Unataka kukichoma kitabu, na huku usingizi umekukosa juu hujui kama mulango utafunguka ao hapana! Usinidanganye, mama.

Sikia sasa. Bwana yako hana mwanamuke, hana dini ya siri. Ana haya. Muntu wa miaka makumi tatu na nane anaitwa "boy" na kijana aliyefika Congo mwaka jana. Kuna wanaosema sisi weusi ni batoto bakubwa. Naye ameomba karatasi ya kuhakikisha kama amekomaa. Atakiweka wapi kitabu cha batoto? Amekificha pale hakuna atakayetaka kusoma. Nami nimeona kwa macho yangu, mchana, pa barza ya villa kule upande wa Golf, mtaa wa wazungu, mzungu wa mvi akisoma kitabu cha mutoto wake na kucheka peke yake. Hakuna Commission iliyomtembelea.

Unauliza muntu muzima anatafuta nini mule. Umeandika mwenyewe. Muntu anayekatazwa kila siku, fasi hii hapana, saa hii hapana, anataka kuona kama yule mutoto atapita. Siandiki zaidi, gazeti hili linasomwa na wengi.

Lakini ameiba! Mutoto amelia siku mbili, na baba yake ananyamaza, anakula. Hiyo ndiyo aibu. Akirudishe mikononi mwa Simone na amuombe radhi. Na wewe usiende kwa Mama Feza kwa siri. Nenda pa robinet, saa bamama wamejaa, juu ulimtukana pale. Kisha umbebee ndoo mpaka kwake.

Karatasi ya règlement itolewe. Siku ya Commission kitabu kikae mezani na farasi wake. Wakiuliza, Adalbert ajibu: ni cha binti yangu, alikuwa wa kwanza, na mimi nakisoma. Aseme na hayo ya mwisho, sauti isitetemeke. Carte inayotaka ajifiche nyumbani kwake itamfaa nini? Na ukiona mmoja wao amekifungua, amesahau kukirudisha mezani, mpe kahawa, umwache amalize ukurasa.

Kisha siku ya Mungu fungueni chumba, Simone asome kwa sauti, batoto ba Mama Feza wakae mbele.

Mulango wa chuma unafunguka. Usiniulize nilijulia wapi.